Springi ya Mjomba Ililala

Bunduki ya kwanza niliyoishika ilikuwa ya upepo, tena mbovu. Ilikuwa Diana ya Kijerumani, ile ya kuvunja mtutu, kitako chake kimechakaa hadi kufanana na mpini wa jembe. Mjomba aliachiwa na msimamizi mmoja wa Kigiriki wa shamba la mkonge huko Muheza, enzi zile Wagiriki walipokuwa wakifungasha baada ya mashamba kutaifishwa. Aliiandikisha polisi, akapewa karatasi yake, akaiweka kwenye kopo la biskuti pamoja na vyeti vya kuzaliwa.

Kazi ya bunduki ilikuwa kunguru. Hawa wenye shingo ya kijivu, waliotolewa Bara Hindi wakaletwa Unguja miaka ya 1890 ili wasaidie kuzoa taka, kisha wakajiamulia wenyewe kuvuka kuja pwani ya Mrima. Mkazamjomba alifuga kuku, na kunguru walihesabu vifaranga wake kama hazina yao. Walifika alfajiri, kabla mtu hajavaa kandambili. Ndiyo maana Mjomba alikuwa na desturi yake: jioni, baada ya kusikiliza taarifa ya habari, alivunja mtutu, akakoki, akatia kijirisasi, akaiegemeza bunduki nyuma ya mlango. Asubuhi asipoteze hata sekunde.

Alfajiri moja bunduki ilianguka yenyewe. Nadhani paka aliipitia. Tulisikia mlio mkavu kama wa ubao kuvunjika, kisha sauti ya Mkazamjomba akimtaja Mola wake. Kijirisasi kilikuwa kimezama kwenye mwimo wa mlango. Sisi watoto tulicheka kutwa nzima. Mjomba hakucheka. Kuanzia siku hiyo aliacha kutia kijirisasi usiku, lakini kukoki hakuacha, na kukoki huko ndiko kulikoiletea bunduki ugonjwa. Springi ya chuma ikikaa imebanwa usiku kucha, mwezi baada ya mwezi, huchoka. Fundi baiskeli wa pale sokoni aliishika, akaivunja mara mbili, akasema, “Mzee, springi imelala.” Mwisho wake ulikuwa wa aibu. Vijirisasi vilitoka kwa uvivu kiasi kwamba ukisimama nyuma ya Mjomba uliviona vikipaa. Kunguru alipigwa ubavuni, akageuka kuangalia ni nani, akaendelea kula.

Nimeianza habari hii mbali kwa sababu miaka mingi baadaye, nchini Uingereza, nilinunua bunduki kwa ajili ya springi ile. Na nikakosea.

Nilifika Lincolnshire mwaka 2004. Nilianza kwa kupakia kabichi na karoti, kisha nikahamia shamba la kuku wa mayai, na hapo ndipo nilipo. Palipo na kuku pana chakula cha kuku, na palipo na chakula cha kuku pana panya. Sumu tuliweka, mitego tuliweka, lakini panya wakubwa wa kahawia hujifunza. Mwenye shamba akaniuliza kama najua kulenga. Nikamwambia nimekulia nyumba yenye bunduki, maneno ambayo kwa Mwingereza yalisikika makubwa kuliko yalivyokuwa.

Sheria ya huko kuhusu bunduki za upepo ni nyepesi kiasi, lakini ina meno. Huko England, ukiwa na miaka 18 na huna kifungo cha nyuma kinachokuzuia, unaweza kununua isiyozidi nguvu ya futi-pauni 12, yaani kama jouli 16, bila kibali cha polisi. Ikizidi hapo ni silaha kamili, na bila cheti umevunja sheria. Uskoti wao tangu mwisho wa 2016 wanataka cheti hata kwa hiyo ndogo. Dukani muuzaji lazima akukabidhi ana kwa ana, na huruhusiwi kutembea nayo hadharani bila sababu ya maana. Nilimwomba mwenye shamba aniandikie ruhusa kwa mkono wake, nikaitia kwenye plastiki. Ninayo hadi leo. Mtu mweusi anayetembea jioni vijijini akiwa na mfuko mrefu begani huhitaji karatasi kuliko wengine, sisemi zaidi.

Dukani nilivutwa na boksi. Lilikuwa na picha ya tai, na chini ya tai, kwa herufi zilizozidi ukubwa wa tai mwenyewe, waliandika: futi 1,000 kwa sekunde. Kisha maneno yaliyonimaliza kabisa: haina springi, inatumia pistoni ya gesi, unaweza kuiacha imekokiwa kwa saa nyingi bila kudhoofika. Nilimwona Mjomba pale pale. Nilitoa pesa bila hata kuivunja mtutu. Sitaitaja kampuni iliyoiunda, kwa kuwa kosa kubwa lilikuwa langu.

Niliporudi nyumbani mke wangu alinitazama nikiifungua sakafuni, nikitoa karatasi moja moja. “Bwana wee,” akasema, “hiyo umenunua bunduki au umeleta mtoto wa kulea?”

Mtoto wa kulea, ndiyo, tena mtundu. Triga yake ilikuwa kama kuburuta ndoo ya maji juu ya sakafu ya saruji: inavutika, inakwama, inavutika tena, hujui itafyatuka lini. Skrubu za kitako zililegea kila baada ya risasi thelathini. Mtutu ukiufunga ulikuwa na mchezo wa kushoto na kulia. Kidogo sana, lakini ukiushika kwa vidole ulisikia tik, tik. Darubini iliyokuja nayo ndani ya boksi ilikufa wiki ya tatu, uzi wa ndani ukakatika, nikabaki natazama duara tupu. Niliweka karatasi umbali wa mita ishirini, nikapiga risasi kumi kutoka juu ya gunia la mchanga, na matundu yakatawanyika kama mtama uliomwagwa kwa kuku. Panya wakazidi kunenepa.

Aliyenifungua macho ni mzee mmoja fundi wa bunduki, mstaafu, aliyekuwa na kibanda nyuma ya nyumba yake kijiji cha pili kutoka kwetu. Mwenye shamba alinipeleka. Yule mzee hakuiangalia bunduki yangu kwanza. Alichukua pampu ya baiskeli, akaziba tundu kwa kidole gumba, akanipa mimi nisukume. Nikasukuma. Akaniambia niachie mpini. Ukarudi nyuma wenyewe. “Hiyo ndiyo springi yako,” akasema.

Maelezo yake nayarudia kwa lugha yangu, kwa sababu mtu asipoyajua haya atanunua tai. Ndani ya bunduki ya namna hii kuna hewa mbili, na watu huzichanganya. Ya kwanza imefungiwa ndani ya silinda na haitoki kamwe, sawasawa na ile mikono ya gesi inayoinua mlango wa nyuma wa gari. Ukivunja mtutu unaibana hewa hiyo. Ukivuta triga inajitanua na kuisukuma pistoni mbele. Hewa ya pili ni hii ya kawaida ya chumbani iliyo mbele ya pistoni. Hiyo ndiyo inayobanwa ghafla na kukisukuma kijirisasi nje. Yote hayo huisha ndani ya sehemu chache za elfu za sekunde. Wazo la kuifanya biashara lilitokana na Waingereza wawili, Theobald na Ben Taylor, walioyaunganisha majina yao wakaunda kampuni ya Theoben miaka ya 1980. Baadaye wengine wakaingia kila mmoja na jina lake: Gamo wa Hispania huiita IGT, Crosman wa Marekani huiita Nitro Piston, Hatsan wa Uturuki huiita Vortex. Majina ni ya sokoni. Pampu ya baiskeli ni ile ile.

Faida zake ni za kweli. Hakuna koili ya chuma inayojinyonga na kutetema, kwa hiyo hakuna ule mlio wa “twaang” na bunduki haijipindui mkononi. Pistoni huondoka haraka zaidi. Na haichoki kwa kukaa imekokiwa. Lakini gharama zake pia ni za kweli, na boksi haliziandiki. Springi ya chuma huanza ikiwa laini mkononi kisha inakuwa ngumu kadiri unavyoivuta; gesi imekwisha kubanwa kabla hujagusa, hivyo ni ngumu tangu inchi ya kwanza. Pigo lake ni fupi na kali. Bunduki huruka nyuma pistoni inapoondoka, kisha huruka mbele pistoni inapogota mwisho, na yote mawili yanatokea wakati kijirisasi bado kimo ndani ya mtutu au ndiyo kwanza kinatoka. Ndilo lililoiua darubini yangu: darubini nyingi zimetengenezwa kuvumilia pigo la kurudi nyuma tu. Na sili ikivuja, springi ya chuma utaibadilisha mezani mwako, lakini silinda ya gesi itabidi irudi kwa mwenye pampu na ujuzi, au itupwe.

Kuhusu zile futi 1,000, mzee alicheka. Akachukua kalamu. Nguvu ikifungwa kwenye futi-pauni 12, mwendo hutegemea uzito wa kijirisasi tu. Kijirisasi cha kawaida cha madini ya risasi, cha milimita 4.5, chenye uzito wa greni 8.4, kitakwenda kama futi 800 kwa sekunde. Cha milimita 5.5 chenye karibu greni 16 kitakwenda kama futi 580. Kufika 1,000 lazima utumie kijirisasi cha aloi chepesi kama ganda la karanga, ambacho hakuna mwindaji anayekitumia. “Wamepima mwendo kwa kitu ambacho hutakipiga,” akasema. Tena hata nchi zisizo na kikomo hicho, kijirisasi chenye kiuno cha nyigu kikikaribia mwendo wa sauti huanza kuyumba hewani, kwa hiyo namba kubwa hugeuka kuwa adui wa shabaha.

Ndipo akaishika bunduki yangu. Akaivunja, akatikisa mtutu: tik, tik. Akaifunga, akanirudishia kama mtu anayerudisha sahani ya chakula kilichochacha.

Nilitaka kumuuliza ni ipi yenye nguvu kuliko zote. Yeye aliniuliza mimi: utapiga mara ngapi kwa usiku mmoja? Nikasema pengine hamsini. “Basi usikoki mara moja dukani. Koki mara ishirini, kisha ulenge, uone mkono wako unasemaje.” Sijawahi kupewa ushauri mwepesi kuliko huo, na karibu kila mtu niliyemsaidia kununua tangu wakati ule ameruka hatua hiyo, kisha akaja kunilalamikia bega.

Miezi minne baadaye, nikiwa nimeweka akiba, tulikwenda wote kuiona HW90 iliyotumika, ya kampuni ya Weihrauch, Wajerumani wa mji wa Mellrichstadt walioanza kuunda bunduki mwaka 1899. Hiyo HW90 walichukua mtambo wa gesi wa Theoben kwa leseni, wakauvika chuma chao na triga yao. Ni nzito, zaidi ya kilo tatu kabla ya darubini. Namna mzee alivyoikagua ndiyo shule yangu. Kwanza aliitazama bila kuishika, akiangalia vichwa vya skrubu: skrubu iliyochubuka inamaanisha kuna mtu aliingia ndani. Akaivunja polepole akiwa amefumba macho, akisikiliza kama kuna mkwaruzo. Akashika ncha ya mtutu akaitikisa pande zote nne, kimya. Akanusa chumba cha risasi. Harufu ya mafuta yaliyoungua humaanisha mwenyewe alimimina mafuta yasiyohitajika, na mafuta yakibanwa humo huwaka kama kwenye injini ya dizeli na kula sili. Triga akaivuta huku nikimtazama kidole. Hatua ya kwanza ilikuwa laini, ikafika mahali ikasimama kama imegonga ukuta, halafu kidogo tu, basi.

Kisha akaomba kifaa cha kupimia mwendo, tukapiga risasi kumi za boksi moja. Nilitarajia aangalie namba kubwa. Yeye aliangalia tofauti kati ya kubwa na ndogo. Ilikuwa ndogo sana. Bunduki inayopiga 560, 562, 559 ni bora kuliko inayopiga 600 leo na 540 dakika ijayo, kwa kuwa ile ya kwanza unaweza kuizoea. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba miaka yote nilikuwa natafuta nguvu iliyompotea Mjomba, wakati kilichompotea kilikuwa kulingana: springi yake ilikuwa na nguvu moja Jumatatu na nyingine Ijumaa, na hakuna jicho linaloweza kulenga kitu cha namna hiyo.

Mtambo wa HW90 una kitu kimoja cha kuogopesha. Una valvu, na mwenye pampu yake maalumu anaweza kuongeza au kupunguza gesi. Muuzaji alinong’ona kwamba kuna watu wa kuipandisha “kidogo tu”. Mzee alimwangalia, hakujibu. Kidogo tu hicho kingenivusha kutoka kwenye futi-pauni 12 kwenda kwenye kesi. Ukinunua iliyotumika, kipimo cha mwendo si anasa.

Nilichagua milimita 5.5. Wenzangu wengi wanapenda 4.5 kwa kuwa inakwenda kwa mstari ulionyooka zaidi, na kwa mbali wana haki. Mimi napiga ndani ya banda, mita kumi au kumi na tano, palipo na mbao nyembamba na bomba za maji ya kuku. Kijirisasi kizito cha polepole kinakaa ndani ya panya. Chepesi cha kasi kinapita na kwenda kumtafuta kuku. Nyuma ya kila njia ya panya nimeweka mfuko wa mchanga, na miwani ya kinga sivui, kwa maana risasi ikigonga zege hurudi kuuliza.

Watu wa nyumbani huniuliza kama nala sungura. Wako wengi, na mwenye shamba angefurahi. Lakini neno lenyewe bunduki limetoka kwenye Kiarabu, bunduq, lililokuwa na maana ya kokwa na pia kidonge cha udongo kilichorushwa kwa upinde, na wanazuoni walimjadili mnyama aliyepigwa kwa kidonge hicho kabla baruti haijajulikana kwao. Wengi walisema kilichopondwa kikafa si halali, ila ukikiwahi kikiwa hai ukachinja. Mke wangu anaijua hukumu hiyo kuliko ninavyoijua mimi, na sungura aliyepigwa vizuri hakungojei. Kwa hiyo nimebaki na panya, ambao hawana mjadala.

Kujifunza kuipiga kulinichukua muda mrefu kuliko kuichagua. Nilikuwa naibana begani kama nashindana nayo, na yenyewe ikapiga kila mahali isipokuwa nilipolenga. Siku moja nilikuwa nimebeba vifaranga wa siku moja, kiganja wazi, nimewaacha wakae wenyewe, nikakumbuka mzee alivyoniambia mkono wa mbele usiibane bunduki. Jioni nikailaza bunduki juu ya kiganja hivyo hivyo, bila kuifumbata, nikaiacha iruke inavyotaka, mradi iruke vile vile kila mara. Matundu matano yakakaa chini ya sarafu moja.

Januari ikaja, baridi ikashuka hadi sifuri, vijirisasi vikaanza kuangukia chini ya shabaha. Nilijua sili imevuja. Nikapiga simu kwa mzee nusu nikilia. Akaniuliza bunduki inalala wapi. Kwenye kabati chumbani, nikasema, penye joto. Halafu nakaa nayo bandani saa mbili. Gesi ikipoa kutoka nyuzi 20 hadi sifuri hupoteza kama asilimia 7 ya msukumo wake. Haikuwa imevuja, ilikuwa inasikia baridi kama mimi. Siku hizi naiacha ipoe kwanza, ndipo narekebisha darubini.

Mjomba nilimpigia kumweleza yote hayo.

“Shikamoo, Mjomba.”

“Marahaba, mwanangu. Nasikia una bunduki ya Mzungu. Sasa ukiikoki usiku kucha, springi hailali?”

“Haina springi, Mjomba.”

“Basi kinachosukuma ni nini?”

“Upepo unausukuma upepo mwingine.”

Akanyamaza kidogo. “Aa. Kama bungeni.” Kisha akauliza, kwa sauti nyingine, “Na wewe huwa unaiacha imekokiwa?”

Nikamwambia hapana. Nikimaliza usiku, risasi ya mwisho huenda kwenye mfuko wa mchanga, mtutu mtupu, kabati, kufuli, ufunguo shingoni. Ile sifa iliyoninunulisha bunduki ya kwanza, ya kukaa imekokiwa saa nyingi bila kuchoka, sijaitumia hata siku moja. Mjomba alisema, “Vizuri,” halafu akarudia, “vizuri sana,” na tukahamia kwenye bei ya machungwa.

Alifariki nikiwa mbali. Nilipofika Muheza, Diana ilikuwa imekwisha kurudishwa polisi pamoja na karatasi yake kutoka kwenye kopo la biskuti. Kuku hakukuwa na hata mmoja, ila kunguru walikuwa wamejaa juu ya paa. Nilisimama mlangoni nikapitisha kidole kwenye mwimo, chini ya rangi ya buluu iliyopakwa juu ya ya kijani, hadi nikalipata tundu. Kijirisasi bado kimo. Nilimwita mtoto wa binamu yangu, ana miaka saba kama niliyokuwa nayo mimi asubuhi ile, nikamsimamisha pale aegemee mlango. Tundu lilikuwa sawa na sikio lake.